Chaki kwenye Mkono wa Shati

Kila Jumapili baada ya chai ya asubuhi, fundi cherehani alikuwa na kazi mbili ambazo hakumwachia mtu: kutia mafuta cherehani yake, na kukagua daftari la binti yake. Cherehani ilikuwa ya zamani kuliko ndoa yake. Binti alikuwa na miaka tisa, yuko darasa la tatu, na nyumbani aliitwa Pini, kwa kuwa tangu alipoanza kutembea alikuwa akiokota pini zilizoanguka chini ya meza ya baba yake na hakuna hata moja iliyowahi kumchoma.

Jumapili hiyo fundi alimaliza mafuta, akajifuta vidole kwa kitambaa, akafungua daftari la kituo alichokwenda Pini kila siku baada ya shule, lile la jalada la buluu alilolinunua mwenyewe mwanzoni mwa muhula. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na tarehe, basi. Wa pili tarehe, basi. Akalamba kidole akaenda mbele, wa kumi, wa ishirini. Tarehe zilikuwa zimeandikwa vizuri, kwa mwandiko wa mtoto anayejitahidi, na chini yake kweupe kabisa.

"Pini."

"Abee, baba."

"Hili ndilo daftari la kituo?"

"Ndiyo, baba."

"La muhula mzima?"

"Ndiyo."

"Sasa huko huwa mnafanya nini? Mnahesabu nzi?"

Pini akatazama sakafu. "Tunaandika, baba, halafu tuna..."

"Mnaandika wapi? Hewani?"

Mkono wa mtoto ukapanda polepole kuelekea kola ya gauni lake, ukaigusa, ukashuka tena. Baba hakuuona. Mama Pini, aliyekuwa anasuuza vikombe, akachangia bila kugeuka: "Na hilo shati lake la shule! Kila siku mkono wa kulia umekuwa mweupe pe, kama mtu aliyelala kwenye gunia la unga. Nasugua mpaka vidole vinaniuma. Nafua mashuka ya hospitali kutwa, nikirudi nakutana na shati."

"Umesikia mwenyewe," fundi akasema. "Wanagaragara. Huo ni mchezo, si masomo."

"Sijasema wanagaragara. Nimesema shati ni chafu."

"Ni hayo hayo."

Hayakuwa hayo hayo, lakini mama alikuwa na vikombe mkononi, na jua la Jumapili halikuwa la kugombania.

Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja nyuma ya zahanati. Asubuhi watoto wachanga walipimwa uzito humo, na mizani yao ilibaki ikining'inia darini hata baada ya saa za kazi. Mkunga mmoja aliyestaafu alikuwa ameomba ufunguo. Aliona watoto wakitoka shule saa nane mchana na kukaa barazani kwenye milango iliyofungwa, mkoba mapajani, wakingoja wazazi watoke kazini. Akaanza na wanne, wakafika ishirini na wawili. Ada haikuwepo. Wazazi walileta mkate kwa zamu, na yeye aliweka chai.

Kabla ya kituo, Pini alishinda chini ya meza ya baba yake. Wateja walimpenda, na walipomsubiri fundi amalize pindo waliinama kumtania: "Haya binti, saba mara nane?" Pini aliingiza kola mdomoni akatafuna. Mwaka ule fundi aligeuza kola za mashati ya Pini mara mbili, upande uliotafunwa ukaenda chini na upande mzima ukaja juu. Tangu Pini aanze kituo, hajageuza hata moja. Lakini jambo linalokoma halipigi hodi kutuaga, na fundi hakujiuliza kwa nini.

Kilichomsumbua ni mtihani. Mwalimu wa darasa alikuwa amewaambia wazazi wazi: asiyepata hamsini mwisho wa mwaka atarudia darasa la tatu. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

* * *

Jumatatu alikuja karani mstaafu na suruali yake nyeusi. Suruali hiyo ilijulikana mtaa mzima. Aliivaa siku aliyostaafu, na tangu hapo fundi aliipunguza kiuno kila mwaka na kuipanua kila mwaka, kufuatana na hali ya maisha.

"Mwaka huu tunapanua au tunapunguza, Karani?"

"Panua. Mke wangu amepata mkaa wa bei nafuu, tunapika mara mbili."

Walicheka. Kisha fundi, kama mtu anayetoa mwiba, akamwonyesha lile daftari. Karani akavaa miwani, akafungua, akatazama kurasa nyeupe kama anayetazama msiba.

"Fundi, miaka thelathini na moja nimefanya kazi ofisini. Nikwambie jambo moja. Kitu ambacho hakikuandikwa hakikutokea."

"Ndicho ninachosema."

"Mpeleke kwa Mwalimu Dakika. Huyo haachi ukurasa mtupu hata kwa bahati mbaya."

Mwalimu Dakika alikuwa na tuisheni sebuleni kwake, na jina hilo alipewa na watoto kwa sababu ya kutazama saa. Alitoza kwa wiki. Fundi alipiga hesabu ya vifungo na zipu alizohitaji mwezi ule, akaona zipu zinaweza kungoja.

"Umemuuliza mkunga?" mkewe akasema jioni.

"Nimuulize nini? Daftari limeshajibu."

"Daftari halina mdomo, baba Pini. Mkunga anao."

"Wewe mwambie tu nimemtoa. Unapita pale ukienda kazini."

Mama Pini akaenda kumwambia, na aibu ikamshika mbele ya bibi yule yule aliyemzalisha alipojifungua Pini. Mkunga hakukasirika. Alimshika mkono, akasema, "Mwambie baba yake mlango wetu hauna komeo. Na siku moja aje saa tisa, aone."

Fundi aliposikia alitikisa kichwa. Saa tisa ndio saa ya wateja.

* * *

Daftari la tuisheni lilijaa. Wiki ya kwanza kurasa kumi na nne, wiki ya pili kumi na tisa. Jumapili fundi alilifungua kwa raha, akalipekua kama anavyopekua bunda la kitambaa kizuri dukani, kwa dole gumba, upesi. Wino kutoka juu mpaka chini. Alimwonyesha Karani, na Karani akasema, "Ehee! Sasa hapa kuna mtoto." Hata mkono wa shati ulikuwa safi siku zote, na mama Pini akapata nafuu ya kusugua.

Mama ndiye aliyeona mengine. Pini alianza kuumwa tumbo asubuhi. Chakula alikisogeza kutoka upande huu wa sahani kwenda upande ule. Zamani alikuwa akirudi anasimulia hadithi nzima tangu mlangoni, nani kasema nini, nani kaanguka kwenye benchi. Sasa akiulizwa za huko, alisema, "Nzuri."

"Nzuri ngapi?" mama akamtania.

"Nzuri tu, mama."

Jumamosi moja fundi alikuwa anapiga pasi shati la shule, akaona kola imechanika nyuzi pembeni na doa la unyevu halijatoka. Akaisogeza kwenye mwanga, akaikunjua kwa kidole.

"Nyuzi za siku hizi," akasema. "Hazina maisha." Akaigeuza ile kola, akaishona kwa mishono midogo mizuri, akaridhika.

Mtu anaweza kusoma nguo za watu wote mtaani, akajua huyu kanenepa, huyu kapata kazi, huyu kafiwa, na ya mtoto wake mwenyewe akaona uzi tu.

* * *

Wiki mbili kabla ya mtihani, mwalimu wa darasa alimwita. Fundi alivaa koti, akafunga kazi saa nne asubuhi, jambo ambalo wateja walilishangaa. Darasani hakukuwa na kiti cha mtu mzima ila kile cha mwalimu mwenyewe, hivyo fundi alikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfikia kifuani. Mwalimu alimwona anahangaika, akainuka, akakaa na yeye kwenye kiti kidogo, wakawa sawa. Fundi hakumsahau kwa hilo.

"Baba Pini, jana tulifanya mtihani wa majaribio." Akampa karatasi.

Juu kulikuwa na jina na tarehe, kwa mwandiko ule ule wa kujitahidi. Chini kweupe.

"Alikuwa anaumwa?"

"Nilimuuliza. Alisema haumwi. Alikaa saa nzima na kalamu mkononi." Mwalimu akavuta kiti karibu. "Mwezi uliopita alikuwa ananyoosha mkono, baba. Alikuwa akikosea, anasema, 'Ngoja mwalimu, najua nilipokosea.' Darasa zima likawa linamwiga. Nikasema moyoni, huyu amefunguka. Sasa sijui kumetokea nini nyumbani."

"Nyumbani hakujatokea kitu," fundi akasema, akasikia masikio yanapata moto.

"Sikulaumu. Nakwambia tu kwa sababu karatasi hii haihesabiwi. Ile ya wiki mbili zijazo inahesabiwa. Akirudisha nyeupe, sina la kufanya, atarudia."

Fundi aliikunja ile karatasi mara nne, akaiweka mfuko wa ndani wa koti. Njiani alisalimiwa mara tatu, akaitika mara moja.

* * *

Alipofika hakufungua kazi. Alilichukua daftari la tuisheni, akakaa kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza hakulipekua, alilisoma.

Ukurasa wa kwanza uliandikwa: Saba mara nane ni hamsini na sita. Mstari wa pili: Saba mara nane ni hamsini na sita. Mstari wa tatu. Mpaka chini, na ukurasa wa nyuma, na uliofuata. Kisha likaja neno jingine moja, nalo kurasa tatu. Kisha hesabu nyingine moja, kurasa mbili. Alihesabu mambo yaliyokuwemo kwenye kurasa thelathini na tatu za fahari yake, akapata tisa.

Pini aliporudi kutoka shule, akamkuta amekaa hivyo.

"Njoo, mama." Aliposema naye kwa upole alimwita hivyo. "Hii saba mara nane uliiandika mara ngapi?"

"Mia moja. Ukikosea unaandika mara mia."

"Na usipokosea?"

"Unakaa kimya ungoje wenzako."

"Anakuchapa?"

"Hachapi. Anasoma jina lako kwa sauti, halafu unaandika." Akafikiri, akataka kuwa mkweli. "Si mkali, baba. Siku moja nilikohoa akanipa maji. Ila tupo wengi, na yeye yupo peke yake."

"Na kwenye mtihani jana, mbona hukuandika kitu?"

Kola ikaingia mdomoni. Fundi aliiona sasa. Aliona meno madogo, aliona uzi alioushona Jumamosi unavyovutwa.

"Kalamu haifutiki," Pini akasema, kola ikiwa bado mdomoni.

Fundi alisimama, akatafuta koti, akakumbuka amelivaa.

"Saa ngapi sasa?"

"Sijui, baba. Labda saa tisa inakaribia."

"Twende."

* * *

Mlango wa chumba cha nyuma ya zahanati ulikuwa wazi, hauna komeo kweli. Watoto walikuwa wamekaa kwenye mabenchi kwa mraba, kila mmoja na kibao kidogo cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi na kipande cha chaki. Chai ilikuwa inatoa mvuke kwenye birika. Mkunga, mwanamke mfupi wa vitambaa viwili kichwani, alikuwa akikata mkate vipande sawasawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Ingia. Pini, mwanangu, karibu." Hakusema umepotea, wala hakuuliza ulikuwa wapi.

"Nimekuja kuomba nafasi yake," fundi akasema kwa sauti ya chini. "Kama bado ipo."

"Ilichukuliwa."

Fundi akageukia mlango.

"Kachukua mtoto wa muuza maji. Lakini hapa watu hawakai kwenye viti, fundi, wanakaa kwenye mabenchi. Na benchi tunasogea. Sogeeni!" Makalio ishirini na mawili yakasogea, mbao zikalia, pakapatikana pengo la Pini pembeni ya msichana mmoja aliyekwisha kumvuta mkono. "Ila wewe umeingia saa ya makosa, kwa hiyo na wewe utangoja zamu."

"Zamu ya nini?"

Watoto wakacheka. Saa ya makosa ilikuwa desturi yao. Kila siku, kabla ya mkate, kila mtu alisema kosa moja alilofanya siku hiyo na jinsi atakavyolitengeneza, wengine wakapiga makofi mara tatu. Asiye na kosa alihurumiwa. Mvulana mmoja alisema ameandika "asali" bila ya "i" ya mwisho. Akaonyesha kibaoni, akafuta kwa mkono wa shati, akaandika tena. Paa, paa, paa. Msichana mwingine alisema amegawanya kumi na mbili kwa tano akalazimisha iingie. Akafuta kwa mkono wa shati. Paa, paa, paa. Mkunga akasema, "Mimi leo nimetia chumvi kwenye chai badala ya sukari, nikamlaumu muuza sukari. Nitamwomba radhi kesho." Paa, paa, paa, na kicheko.

Fundi alikuwa anatazama mikono ya mashati. Yote ya kulia, kutoka kiwiko mpaka kiganja, ilikuwa myeupe pe. Hapo palikuwa na muhula mzima wa binti yake. Mkewe aliusugua kila jioni, yeye akauita mchezo. Na mezani kwake, tangu ujana, hakuna kitambaa alichokitia mkasi kabla ya kukichora kwa chaki, na hakuna siku alipochora mara moja akapatia.

"Fundi," mkunga akasema.

Akasimama. Alikuwa amezoea kusema mbele ya wateja, si mbele ya watoto. "Mimi... leo nimekata mkono wa blauzi ukawa mfupi."

Hakuna aliyepiga makofi. Watoto wanajua kosa dogo likitumwa kuficha kubwa. Pini alimtazama, hakumsuta, alimngoja tu.

"Si hilo," fundi akasema. "Nilimtoa binti yangu hapa kwa sababu daftari lake lilikuwa jeupe. Nikampeleka penye daftari lililojaa. Sikumuuliza yeye, na sikuja kuona. Hilo ndilo."

"Utalitengenezaje?" mtoto wa muuza maji akauliza, kwa kuwa ndivyo ilivyotakiwa kuulizwa.

"Nimemrudisha. Na kesho nitaleta kitu cha kuokoa hayo mashati yenu."

Paa, paa, paa. Makofi ya Pini ndiyo yaliyosikika sana, au baba mtu alisikia hivyo.

Mkunga akampa kipande cha mkate kama wengine. Alipokuwa anatoka akamsindikiza hatua mbili, akasema, "Miaka arobaini nimepokea watoto, fundi. Kila baba alitaka kujua tumefika wapi. Nikawaambia, anakuja, mpeni nafasi. Hawa nao ni vivyo hivyo."

Kesho yake alipeleka vifutio ishirini na vitatu, alivyovishona kutokana na vipande vya suti, kila kimoja kina tabaka nne na kitanzi cha kuning'iniza. Mama Pini ndiye aliyevikata, akisema, "Na hivi vitafuliwa na nani?" huku akichagua vitambaa laini zaidi.

* * *

Siku ya mtihani fundi alipiga pasi shati mwenyewe. Kola ilikuwa mpya. Aliitoa kwenye mabaki ya shati lake la harusi, bila kumwambia mtu. Pini alikunywa chai, akaomba mkate wa pili, wazazi wakatazamana juu ya kichwa chake.

Adhuhuri, siku za mtihani watoto wakitoka mapema, Karani alikuja kuchukua suruali. Ilikuwa mezani, imepanuliwa, imepigwa pasi, nyeusi tii. Alikuwa anaipapasa mstari wa pasi Pini alipoingia na mkoba wake.

"Ehee, binti! Umepata ngapi?"

"Bado hawajasahihisha, babu."

"Lakini umejaza?"

Fundi aliinama mbele ya binti yake, kama anayemnyoosha nguo, akaishika kola kwa vidole viwili, upande wa kulia, kisha wa kushoto. Ilikuwa kavu. Ilikuwa ngumu na kavu vile vile ilivyotoka kwenye pasi.

Akamwekea mtoto mkono begani.

"Nimekosea mawili, baba," Pini akasema. "Nayajua. Nimeyagundua njiani."

"Yapi?"

Akatazama kushoto na kulia akitafuta kibao. Kisha akachukua chaki ya baba yake, ile bapa ya fundi, akapanda kwenye kigoda, na juu ya mguu wa suruali ya Karani akaanza kuandika hesabu kubwa, nyeupe, tarakimu moja baada ya nyingine.

"Fundi!" Karani akapiga yowe, akivua miwani. "Fundi, suruali yangu!"

Fundi alikuwa ameshavuta kigoda cha pili, ameegemea mezani, macho yote kwenye mkono wa mtoto.

"Tulia, Karani," akasema. "Inafutika."